Jinsi ya kumtafuta mhenga wa Marekani aliyeishi kabla ya mwaka 1850

Hatua ya kwanza ni kupanda kutoka kwa waliojulikana, kizazi baada ya kizazi. Rekodi za sensa ya Marekani hufungwa kwa miaka 72, kwa hiyo ile ya 1950, iliyofunguliwa mwaka 2022, ndiyo ya karibuni zaidi. Picha zake zinapatikana bila malipo kwenye FamilySearch, tovuti ya utafiti wa nasaba. Rudi nayo hadi ya 1880, inayoonyesha uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya na mahali walikozaliwa wazazi wake. Ya 1890 karibu yote ilipotea kufuatia moto wa mwaka 1921 mjini Washington.

Hatua ya pili ni kutambua ukuta wa 1850. Sensa za 1790 hadi 1840 zilimtaja mkuu wa kaya peke yake, na mke na watoto wakabaki kuwa tarakimu. Kwa uzao wa waliokuwa watumwa ukuta huo uko 1870, kwani orodha za watumwa za 1850 na 1860 ziliandika jina la mmiliki, na za watu wenyewe kwa kawaida umri, jinsia na rangi tu. Hapo tazama kwanza rejesta za Freedman's Bank, benki ya akiba ya watumwa walioachwa huru, iliyofanya kazi kati ya 1865 na 1874, ambazo mara nyingi zilitaja wazazi na ndugu wa mweka akiba.

Hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote, ni nyaraka za mahakama ya kaunti: wosia, mgawanyo wa mirathi na hati za ardhi. Hati moja ambayo ndugu wote, pamoja na waume wa dada zao, wanauza shamba la marehemu baba yao huthibitisha nasaba kuliko majina kumi yanayofanana katika sensa. Na pale mke anapoachilia haki yake ya ujane katika shamba hilo, jina lake la kwanza hujitokeza. Kabla ya kufungua majalada, hakikisha shamba lilikuwa chini ya jimbo gani wakati ule, maana Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia hadi 1792, na Maine sehemu ya Massachusetts hadi 1820.

Ikiwa mhenga alipigana katika Vita vya Mapinduzi, vya kupigania uhuru wa Marekani kutoka kwa Uingereza, omba jalada la pensheni, hasa la mjane wake. Wajane waliotakiwa kuthibitisha ndoa walichana wakati mwingine kurasa za Biblia ya familia, zenye tarehe za kuzaliwa watoto, wakazituma serikalini.

Mwisho, pima tarehe na vyeo. Hadi 1752 mwaka wa kisheria katika makoloni ya Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, ndiyo sababu Februari ya 1732 huandikwa 1731/32. Iandike vivyo hivyo. Na neno "Junior" lisikuharakishe kumfanya mtu mwana wa "Senior": zamani lilitofautisha tu mdogo na mkubwa wenye jina moja kijijini, hata wakiwa mtu na ami yake.