Kumpima mzee mwenye saratani akiwa wodini

Usianzie kwenye faili. "Shikamoo mzee," kisha kaa usawa wa macho yake na umuulize mwenyewe. Ndugu waliomleta Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, hupenda kumjibia.

Omba mfuko mzima wa dawa, pamoja na za presha, kisukari na mitishamba. Zikifika tano, mwite mfamasia. Anayetumia mofini, dawa kali ya maumivu, aulizwe choo alipata lini: akifunga choo hukataa chakula, lawama ikaangukia saratani.

Amepungua zaidi ya kilo 3 kwa miezi 3? Mkanda uliotobolewa tundu jipya husema kweli kuliko kumbukumbu.

Mwendo upimwe kwa saa. Ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Sekunde 12 au zaidi, yumo hatarini kuanguka. Avae viatu vyake vya kila siku. Ndala za kuazima huharibu kipimo. Msaidizi atembee ubavuni.

Akili ndiyo hupitwa zaidi. Ataje siku za juma kinyumenyume, kuanzia Ijumaa. Jana alikuwa sawa, leo anapotea? Huo si uzee. Tafuta siku hiyohiyo maambukizi, upungufu wa maji, mkojo uliozuiliwa au dawa mpya. Na yule "aliyetulia tu", anayesinzia mchana kutwa, mwangalie kwanza.