Filamu fupi dhidi ya uvuvi wa baruti: namna ya kuitengeneza na kuifikisha kwa wenye uamuzi

Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku Tanzania tangu 1970, lakini kwa miongo mingi baada ya hapo milipuko iliendelea kusikika kuanzia Tanga hadi Mtwara. Doria za miaka ya karibuni zimeupunguza sana, ila wavuvi ninaofanya nao kazi huniambia kila mara: doria ikilegea, kishindo kinarudi. Ndiyo maana bado natengeneza filamu hizi. Unachohitaji ni simu nzuri na wenzako watatu wanne.

Hatua ya 1: Chagua mtazamaji

Usianze na kamera. Jiulize kwanza: nani akiiona filamu hii anaweza kutoa amri au kutia saini? Sisi tulichagua madiwani, kwa kuwa ndio wanaopitisha bajeti ya halmashauri, na doria yetu ilikwama kwa kukosa mafuta ya boti. Ombi letu likawa sentensi moja: tengeni mafuta ya doria. Picha isiyosaidia ombi hilo tuliiacha, hata zile za ngalawa jua likizama. Tazama na kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na bajeti hujadiliwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo filamu ya mwezi Mei imeshachelewa.

Hatua ya 2: Vibali

Kibali hutoka Bodi ya Filamu Tanzania. Chukua pia barua ya halmashauri, kisha ukajitambulishe kwa mtendaji wa kijiji, viongozi wa BMU (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi na ufukwe) na wazee wa diko, yaani mahali mashua zinapotia nanga na kushusha samaki.

Hatua ya 3: Ridhaa na usalama

Hapa nakuomba usome polepole. Nilipokuwa naanza kazi hii nilimrekodi kijana aliyekuwa akipiga mbizi kuokota samaki wa baruti. Alikubali uso wake uonekane, akasaini karatasi. Kipande cha dakika moja kikavuja kwenye makundi ya WhatsApp kabla filamu haijakamilika, na ndani ya wiki ile ikabidi ahame kijiji. Karatasi yake ninayo mpaka leo. Haikumlinda kwa lolote.

Tangu hapo naomba ridhaa mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena baada ya shahidi kujitazama kwenye filamu iliyohaririwa, akiwa na mtu wa nyumbani kwake. Akisema toa, natoa. Anayeweza kudhuriwa simrekodi uso kabisa, kwa sababu hata ukiufunika kwa ukungu wakati wa kuhariri, faili halisi lenye sura yake bado lipo. Rekodi mikono yake ikishona nyavu. Kijijini sauti hutambulika upesi kama sura, basi mpe mtu mwingine ayasome maneno yake. Zima alama ya mahali (location) kwenye kamera ya simu. Na usiende baharini kuvizia mlipuko. Ushahidi upo nchi kavu.

Simlipi mtu ili aseme. Aliyekosa siku ya bahari kwa ajili yangu namrudishia nauli na chakula.

Hatua ya 4: Kurekodi

Picha iliyogeuza kikao chetu na madiwani ilipigwa jikoni kwa mama mmoja anayekaanga samaki. Alimshika changu aliyeuawa kwa baruti, akampasua, akatuonyesha kwa ncha ya kisu: uti wa mgongo umekatika, damu imeganda kando ya mfupa, nyama inaachana na miiba kabla haijaguswa na moto. "Huyu hafiki jioni," alisema. "Mteja nitamwambia nini?" Tuliishika simu sentimita 30 juu ya ubao, tukafunga fokasi, tukamwacha afanye kazi yake dakika 4 bila kumwelekeza.

Pwani adui wa sauti ni upepo. Tumia maiki ya kubana kwenye kola, ifunike kwa sponji, mkalishe mzungumzaji nyuma ya ukuta au mashua iliyopandishwa, kisha usikilize kwa hedifoni kabla hajaondoka. Picha ikitikisika watu huvumilia. Maneno yasiposikika huacha kutazama. Kwa mwanga, rekodi kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni.

Hatua ya 5: Kuhariri

Kikao kinatosheka na dakika 7. Tanguliza ushahidi, ombi lije mwishoni kwa kauli ya wavuvi wenyewe. Kata pia kipande cha sekunde 60 chenye maandishi chini, maana wengi hutazama simu bila sauti. Faili halisi ziwe na nakala mbili, katika nyumba mbili tofauti.

Hatua ya 6: Kuonyesha

Anzia dikoni, baada ya sala ya isha, kwa projekta na shuka jeupe, jenereta ikiwa mbali. Wenye kisa ndio wanaoliona kosa. Kwetu walisema tumewaacha wachuuzi wanaonunua samaki wa baruti huku wakijua, na kweli tulikuwa tumewaacha. Tukarudi kurekodi siku mbili.

Kwa madiwani tulikwenda na wavuvi wawili na yule mama. Filamu ilipoisha wao ndio waliojibu maswali, sisi tukakaa nyuma.

Hatua ya 7: Kufuatilia

Omba muhtasari wa kikao uone ahadi imeandikwaje. Sisi tuliandikiwa "suala la mafuta litazingatiwa". Hapakuwa na lita wala tarehe. Robo iliyofuata tulirudi na filamu ileile, tukiwa tumeongeza sekunde 20 mwishoni: boti ya doria iko mchangani, injini imefunikwa turubai. Safari hiyo muhtasari ulitaja lita.