Kabla hujanunua lori la rimoti: namna ya kusoma maoni ya watu bila kuingia mkenge

Kama unatafuta lori la rimoti la maana, siyo yale ya watoto yanayokufa wiki ya kwanza, utasoma maoni mpaka saa nane usiku na kesho yake bado hujui ununue lipi. Huyu anasema chuma, yule anasema kimeo, na wote wanaongelea gari hilohilo. Na mara nyingi wote wawili wanasema kweli, tatizo kila mtu ana uwanja wake na matumizi yake. Ndo maana kabla ya kuangalia mtu katoa nyota ngapi, angalia kaliendesha wapi, kwa betri gani na amekaa nalo muda gani. Ambaye hajasema hata kimoja kati ya hivyo, mruke tu.

Tuchukue Slash ya 2WD, lori la kampuni ya Traxxas, lipo sokoni tangu 2008 na maoni yake yamejaa kila kona. Ni saizi ya 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, linasukumwa na tairi za nyuma tu. Mtu anayeendesha kwenye lami au kapeti atakwambia linapinduka ovyo kwenye kona, na ni kweli, chasi yake ya kawaida imekaa juu, hata Traxxas wenyewe wanauza chasi ya chini inaitwa LCG. Mtu wa vumbi na changarawe hilo tatizo halimsumbui sana, kwake nyuma inaserereka kwanza na hapo ndo raha yenyewe. Sasa wewe uwanja wako upi? Kama ni njia ya vumbi ya mtaani basi huyo wa pili ndo wa kumsikiliza, hata kama kaandika mistari miwili na mwenzake kaandika gazeti.

Kwenye spidi watu wanagombana bure kabisa. Slash 4X4 VXL, ile ya kusukumwa na tairi zote nne, inatangazwa maili 60 na zaidi kwa saa, yaani kama kilomita 96, na siyo uongo, ila soma maandishi madogo: hapo ni LiPo (betri ya lithiamu) ya 3S, yaani seli tatu, na pinioni nyingine, hiyo gia ndogo ya kwenye mota, siyo ile iliyofungwa kiwandani. Kwahiyo akija mtu analalamika lake haligusi hata nusu, halafu ukimchimba unakuta ana NiMH, betri ya nikeli yenye nguvu ndogo kuliko LiPo, na gia zilezile za kiwandani, huyo hajakwambia kitu kuhusu gari. Na yule anayesifia kwamba linapaa, muulize mota inakuwa ya moto kiasi gani baada ya betri moja, maana pinioni kubwa inaongeza spidi na joto kwa pamoja.

Kuna malalamiko mengine ukijua gari linavyofanya kazi unayaelewa hapohapo. Kwa mfano ESC, kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota, ya XL-5, hiyo ya kwenye Slash ya mota ya brashi, ina sehemu ya kulinda LiPo isishuke sana volti. Taa ikiwa ya kijani ulinzi umewashwa, ikiwa nyekundu umezimwa. Sasa mtu anaandika "betri yangu ya LiPo imevimba mwezi wa kwanza, gari baya", na kumbe alikuwa anaendesha na taa nyekundu muda wote. Mwingine ana NiMH na kaacha kijani, analia gari linazima nguvu mapema. Hizo nyota moja mbili zifute kichwani.

Au hii ya kampuni kusema gari haliingii maji. Wanachomaanisha ni vifaa vya umeme, ESC, servo (mota ndogo ya kukunja tairi) na risiva (inayopokea mawimbi ya rimoti). Beringi ni chuma kama chuma kingine, ukipiga mbio ufukweni Kigamboni halafu ukaliweka stoo na chumvi yake, zitashika kutu na zitaganda, na utakuwa na hasira ya kuandika kwamba umetapeliwa.

Mimi nasoma zaidi nyota tatu. Za tano nyingi zimeandikwa siku boksi limefunguliwa, mtoto kafurahi, rangi nzuri, basi. Za moja nyingi ni za mzigo kuchelewa. Mwenye nyota tatu kwa kawaida ameliendesha, limevunjika, amelitengeneza, na bado analo. Hapo sasa tafuta kitu kinachojirudia. Watu kumi wakivunja vitu kumi tofauti, hao wanaruka juu ya paa, waache. Ila wakirudia kutaja difu ileile au mkono uleule wa mbele, hiyo ni sehemu dhaifu ya gari, na kabla hujalipa angalia hiyo spea inauzwa shilingi ngapi na itakufikia vipi. Spea ndo kitu ambacho jamaa wa Marekani hakiandiki, kwake duka lipo mtaa wa pili, wewe unaweza kusubiri wiki kadhaa kwa kipande cha plastiki cha dola chache.

Tahadhari kwenye gia kubwa ya plastiki lakini, ile inayozungushwa na pinioni. Hiyo inalalamikiwa kwa kila gari, na mara nyingi kosa ni la fundi mwenyewe: kabadilisha pinioni akaziacha gia mbili zimeachana sana, meno yakalika. Njia ya kuzipanga ni kuweka kipande cha karatasi katikati ya gia mbili, unazibana, unakaza mota, unatoa karatasi. Mlalamikaji asiyejua habari ya karatasi msikilize nusu.

Angalia na tarehe. Arrma, kampuni nyingine ya magari haya, wanabadilisha matoleo, Kraton 6S yao imeshafika V5, sasa maoni ya matoleo ya mwanzo yatakuambia nini? Na kurasa za kuuzia zinapenda kurundika maoni ya mota ya brashi na ya brashilesi (isiyo na brashi) sehemu moja. Za video nazo, ukisikia gari limetumwa bure na kampuni, tazama video kwa kuona ukubwa na mlio wake, ya uimara subiri video ya pili ya baada ya miezi, kama ipo.

Ukipata mtu analo na anajibu meseji, usimuulize "vipi, zuri?" maana atasema zuri, hela imeshamtoka. Muulize kitu cha mwisho alichobadilisha ni kipi na alikipata wapi. Kama anakuuzia lake la mkononi, mwombe picha ya chini ya chasi na ya meno ya gia kubwa, kifuniko kikiwa kimetolewa. Akianza kuzungusha maneno, tafuta lingine.