Namna ya Kuandaa Mkutano wa Vijiji vya Ulaya wa Kubadilishana Utamaduni

Kijiji cha Ulaya kinapoamua kuwakaribisha wenzake kutoka nchi nyingine kumi au kumi na tano, jambo la kwanza linalojadiliwa na kamati huwa ni jukwaa: nani atapiga muziki, hema litasimikwa wapi, na meya atahutubia saa ngapi. Mwongozo huu unaanzia kwingine, yaani kwenye nyumba za wenyeji. Mgeni aliyelala hotelini na kuletwa ukumbini kwa basi huondoka akiwa ameona tamasha. Aliyelala kwa mfugaji, akaamka naye alfajiri kukamua ng'ombe na kunywa naye kahawa jikoni, huondoka akiwa amepata jamaa.

Desturi hii ya miji na vijiji vya Ulaya kualikana ilizaliwa katika majeraha. Mwaka 1950, miaka mitano tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Montbéliard ya Ufaransa na Ludwigsburg ya Ujerumani zilifunga uhusiano wa udugu. Mwaka uliofuata mameya walikutana Geneva na kuanzisha Baraza la Manispaa za Ulaya, ambalo leo ni Baraza la Manispaa na Mikoa ya Ulaya. Na Mkataba wa Élysée wa mwaka 1963 ukaufanya urafiki wa Wafaransa na Wajerumani kuwa kazi ya serikali zao pia. Vijiji navyo havikubaki nyuma. Mkataba wa Jumuiya za Vijijini za Ulaya, ulioanza mwaka 1989, huwakusanya watu wa sehemu ndogo kama Esch ya Uholanzi, Kandava ya Latvia, Põlva ya Estonia, Medzev ya Slovakia, Nadur katika kisiwa cha Gozo huko Malta, na Pano Lefkara ya Saiprasi. Kijiji kinachotaka kuandaa mkutano wake chenyewe kina mengi ya kujifunza kwa hao waliotangulia, na la kwanza ni kwamba ukubwa wa mahali si kigezo.

Kupanga tarehe

Anzeni maandalizi mwaka mmoja au mwaka na nusu kabla, na kalenda ya kwanza kufunguliwa iwe ya wenyeji, kwa kuwa ujumbe wa wageni unaweza kumtuma mtu mwingine, lakini mwenye nyumba hana mbadala. Katika sehemu kubwa ya Ulaya ya kati na ya kaskazini, majani ya mifugo hukatwa na kukaushwa mwezi Juni na Julai, na mkulima hawezi kuyaacha yanyeshewe kwa sababu ana wageni. Zabibu huchumwa Septemba na Oktoba, na zeituni hufuata.

Kisha tazameni kalenda za wageni. Shule za Finland hufungwa mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa Agosti, wakati za Ufaransa hufungwa Julai, na nchini Ujerumani kila jimbo lina tarehe zake. Msiwaite Waestonia na Walatvia tarehe 23 na 24 Juni, kwa kuwa usiku huo wa mioto ya kiangazi ndio wanaoungoja mwaka mzima, na tarehe 15 Agosti ni sikukuu katika nchi nyingi zenye Wakatoliki na Waorthodoksi. Pasaka ya Waorthodoksi wa Ugiriki, Saiprasi, Romania na Bulgaria mara nyingi haiangukii siku moja na ya Wakatoliki na Waprotestanti. Hakuna wiki itakayowafaa wote, na kamati inayoitafuta wiki hiyo hupoteza miezi bure; chagueni inayowafaa wenyeji, itangazeni mapema, na mshikilie hapo. Siku nne au tano zinatosha, ya kwanza na ya mwisho zikiwa za safari.

Nyumba za wenyeji

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo pa kuwaweka watu wenu hodari. Tayarisheni fomu mbili, moja ya mgeni na nyingine ya mwenyeji, zenye maswali yanayofanana ili ziweze kulinganishwa: umri, kazi, lugha anazosema na anazoelewa kidogo, wanyama waliomo ndani ya nyumba, uvutaji wa sigara, uwezo wa kupanda ngazi, mzio, dawa za kila siku, na kama mtu ni wa kulala mapema au wa kukesha. Swali la kazi lina thamani kuliko linavyoonekana. Mfuga nyuki wa Slovenia akiwekwa nyumbani kwa mfuga nyuki wa Ubelgiji, watakuwa wamefungua mizinga kabla ya chakula cha jioni, hata kama hawana maneno ishirini ya pamoja.

Pale inapowezekana, wapangeni wageni wawili wawili katika nyumba moja. Mtu aliye peke yake miongoni mwa watu wasiojua lugha yake huchoka haraka, naye huona haya kuomba hata maji ya kuoga. Wakiwa wawili, huulizana na kupeana moyo. Zaidi ya hapo wasiwe wengi, kwani wanne wa kijiji kimoja ndani ya nyumba moja watazungumza wao kwa wao, na mwenyeji atabaki mpishi tu.

Mjumbe wa kamati aitembelee kila nyumba ana kwa ana. Asiende kukagua utajiri, maana kosa linalojirudia ni kuchagua nyumba kubwa zilizopakwa rangi upya na kumwacha mjane mwenye chumba kimoja cha ziada, ambaye huenda ndiye mwenyeji bora kuliko wote kwa kuwa ana muda, ana habari za kijiji, na anatamani mtu wa kuzungumza naye. Mjumbe aangalie kitanda, mlango unaofungika, bafu, na moyo wa watu wa nyumbani. Wekeni pia akiba ya nyumba, angalau moja kwa kila kumi, kwa ajili ya mwenyeji atakayeugua siku ya mwisho au ujumbe utakaofika na watu wawili zaidi ya walioandikishwa.

Watoto na vijana chini ya miaka 18 wana utaratibu wao, na hapa kamati isilegeze kamba. Kila mmoja awe na barua ya ruhusa iliyosainiwa na wazazi, awe na mtu mzima wa kijiji chake anayewajibika juu yake, asilale peke yake katika nyumba asiyoijua, na wenyeji wake wawe wamechunguzwa kwa utaratibu wa nchi husika wa kulinda watoto.

Mambo ya nyumbani yaelezwe mapema kwa maandishi mafupi katika lugha ya mgeni. Katika nyumba nyingi za Finland na Estonia mgeni huvua viatu mlangoni, na heshima kubwa anayoweza kupewa ni kualikwa sauna, yaani chumba cha kuogea mvuke wa moto, ambako watu huingia bila nguo. Mila ya sauna ya moshi ya Võromaa, kusini mashariki mwa Estonia, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Mgeni kutoka Ureno au Malta aliyeelezwa hivyo kabla anaweza kukubali kwa furaha au kukataa kwa adabu. Asiyeelezwa hufadhaika, na mwenyeji wake huumia akidhani amedharauliwa.

Meza na lugha

Saa za kula huvuruga mikutano kuliko vyakula vyenyewe. Mfini wa kijijini huweza kula chakula cha mchana saa 5 asubuhi na cha jioni saa 11, wakati Mhispania hula cha mchana saa 8 au 9 na cha usiku saa 3 au 4. Kijiji mwenyeji kifuate saa zake, kwa kuwa hizo nazo ni sehemu ya utamaduni wake, ila kiwe na meza ya mkate, jibini, matunda na supu iliyo wazi kutwa nzima. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataja vyakula 14 vya kutahadhari kwa sababu ya mzio, vikiwemo nafaka zenye gluteni, maziwa, mayai, samaki, karanga, ufuta na haradali. Orodha hiyo ibandikwe jikoni, na kila sufuria iwe na kibao chake. Mkikutana katika siku 14 za kwanza za Agosti, kumbukeni kwamba Waorthodoksi washika dini watakuwa katika mfungo wa kabla ya sikukuu ya Bikira Maria, nao hawali nyama wala maziwa.

Pombe ya kienyeji itakuwepo, na kila ujumbe utaleta chupa zake. Kwa kuwa wenyeji ndio wanaowarudisha wageni nyumbani usiku, na kwa kuwa nchi kama Hungaria, Slovakia, Romania na Jamhuri ya Cheki haziruhusu kiwango chochote cha kilevi kwa anayeendesha, kodini basi dogo la kuzunguka kijijini usiku kucha. Ni gharama isiyopaswa kupunguzwa.

Umoja wa Ulaya una lugha rasmi 24, na Kiingereza hakiwafikii wazee wa vijijini ambao ndio wenye hazina ya mila. Watafuteni wakalimani miongoni mwa walimu, wanafunzi wa vyuo na watu waliooa au kuolewa kutoka nchi nyingine, na muwapangie zamu, maana mkalimani asiyepumzika huanza kuruka maneno baada ya saa moja. Hotuba ya dakika tano inayotafsiriwa kwa lugha moja huchukua dakika kumi, na kwa lugha tatu huchukua ishirini. Kwa hiyo hotuba zote za ufunguzi ziandikwe na kugawiwa zikiwa zimetafsiriwa, kisha meya aseme maneno machache ya kukaribisha na kuketi.

Programu ya siku

Fanyeni hesabu hii kabla ya kuahidi chochote: jumbe kumi na tano zikipewa dakika ishirini kila mmoja jukwaani, hizo ni saa tano kamili za watu kukaa na kutazama. Kila kikundi kitakuwa kimefanya mazoezi na kitatamani kuonekana, na hiyo ni haki yake. Gawanyeni maonyesho hayo katika jioni tatu, ngoma tano kwa jioni, na baada ya kila ngoma wachezaji washuke kuwafundisha wengine hatua zake. Mtu hasahau ngoma aliyoicheza, hata akiicheza vibaya.

Mchana uwe wa kazi ya mikono. Kuta za mawe zinazojengwa bila saruji ni mfano mzuri, kwa sababu ufundi huo unajulikana kutoka Kroatia hadi Hispania, na nchi nane kwa pamoja ziliuwasilisha UNESCO ukaorodheshwa mwaka 2018. Chagueni ukuta ulioporomoka kando ya njia ya kijiji, fundi mwenyeji aonyeshe namna ya kuchagua jiwe la msingi, na wageni waonyeshe wanavyofanya kwao. Wanawake wa Pano Lefkara, ambao ushonaji wao wa lesi ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2009, wakiketi na washonaji wa kijiji kingine kwa saa tatu, sindano itafanya kazi ya mkalimani. Kuoka mkate, kusuka vikapu na kunoa miundu vinafaa pia, mradi kazi iwe ya kweli na kitu kinachotengenezwa kibaki kikitumika.

Alasiri moja iachwe kwa mazungumzo mazito. Vijiji hivi vina shida zinazofanana sana: shule zinazofungwa kwa kukosa watoto, vijana wanaohamia mijini, daktari anayestaafu bila mrithi, basi linalopita mara moja kwa siku. Watu wagawanywe katika makundi ya wanane au kumi kutoka nchi mbalimbali, kila kundi na mada moja, na kila kijiji kieleze jambo moja kilichojaribu na matokeo yake, hata kama kilishindwa.

Historia nayo isikwepwe. Katika meza moja wanaweza kuketi wajukuu wa watu waliopigana, waliofukuzwa makwao au ambao mpaka ulihamishwa wakiwa wamelala. Jambo hili lisiwekwe jukwaani wala kwenye hotuba. Kama wazee wenyewe wanataka kusimulia, wapeni chumba kidogo, mkalimani mzoefu na muda usio na kikomo, na asiwepo mpiga picha.

Fedha, safari na usalama

Utaratibu uliozoeleka ni wageni kujilipia safari na wenyeji kubeba malazi na chakula. Tume ya Ulaya hutoa ruzuku za udugu wa miji kupitia mpango wa Raia, Usawa, Haki na Maadili wa mwaka 2021 hadi 2027, ambao unahitaji angalau manispaa mbili za nchi mbili tofauti, mojawapo ikiwa ndani ya Umoja. Kwa vijana wa miaka 13 hadi 30 upo mpango wa Erasmus+, unaogharimia mabadilishano ya siku 5 hadi 21. Vikundi vya maendeleo vya LEADER, mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka 1991 kwa ajili ya vijijini, navyo huweza kusaidia. Andikeni bajeti inayosimama bila ruzuku, kisha ruzuku ikija iongeze ubora.

Wanaosafiri kwa basi wazingatie kwamba dereva hapaswi kuendesha kwa muda unaozidi saa 4 na nusu bila mapumziko ya dakika 45, wala kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku, isipokuwa mara mbili kwa wiki ambapo huruhusiwa 10. Safari ndefu inahitaji dereva wa pili au kulala njiani. Kila raia wa nchi za Umoja aje na kadi ya Ulaya ya bima ya afya, na namba ya dharura 112 iandikwe kwenye kitambulisho cha kila mgeni pamoja na anwani ya nyumba anayolala. Picha za watu, hasa watoto, zisitangazwe bila ridhaa ya maandishi.

Kabla ya kuagana

Asubuhi ya mwisho isiwe na shughuli yoyote zaidi ya kifungua kinywa cha nyumbani. Jioni iliyotangulia, wakuu wa jumbe wawe wamekwisha kukubaliana ni kijiji gani kitapokea mkutano ujao na katika mwezi gani, kwa kuwa makubaliano yanayoachwa kwa barua huchukua mwaka mzima. Katika wiki mbili zinazofuata, kamati iwaite wenyeji wote, isikilize yaliyowasumbua nyumba kwa nyumba, na kuyaandika kwenye daftari litakalokabidhiwa kijiji kinachofuata pamoja na fomu zote mbili, zikiwa tupu.