Kupanga protini ya siku nzima kwa maharage, dagaa na yai

Kazi yangu ni ushauri wa lishe, na swali ninaloanza nalo ni hili: jana ulikula nini, tangu chai ya asubuhi? Majibu yanafanana. Chai ya rangi na maandazi mawili, mchana wali na mchuzi, usiku ugali na mchicha, nyama ni Jumapili. Tumbo limejaa, lakini misuli, damu na kinga havijapata cha kujijengea. Mwili huweka akiba ya mafuta. Protini hauiwekei akiba ya namna hiyo. Ikipungua chakulani, unaimega misuli yenyewe.

Hatua ya 1: Jua kiwango chako

Zidisha uzito wako wa kilo kwa 0.8. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 za protini kwa siku, mwenye kilo 70 gramu 56. Hicho ni kiwango cha mtu mzima mwenye afya njema. Mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji zaidi. Mzee aliyevuka miaka 65 mimi humpigia gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo, maana misuli yake inapungua upesi. Mwenye ugonjwa wa figo asitumie hesabu hii kabisa, apangiwe na daktari wake.

Hatua ya 2: Rekebisha chai ya asubuhi

Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, robo lita ya maziwa gramu 8. Kama mayai yamepanda bei, saga karanga uchanganye kwenye uji: gramu 30, yaani kiganja kimoja, zina gramu 7. Kiporo cha maharage kwa chapati nacho ni kifungua kinywa kizuri sana.

Hatua ya 3: Pika maharage, kisha pakua maharage

Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya. Yaache yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, hasa maharage mekundu, kwa sababu yana sumu ya asili inayosumbua tumbo yasipoiva vizuri.

Kwenye kupakua ndipo wengi wanapopoteza. Nimeliona jikoni mara nyingi: upawa unapita juu juu ya sufuria, unachota nazi na vitunguu, na punje kumi na tano tu zinaangukia pembeni mwa ugali. Utamu uko kwenye mchuzi, protini iko kwenye punje. Zamisha upawa mpaka chini, uinamishe mchuzi urudi kidogo, ndipo upakue. Kikombe kizima cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi.

Mahindi yana uhaba wa laisini, moja ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yanayo tele, nayo yana uhaba wa methionini, ambayo mahindi yanaichangia. Ndiyo maana makande ni chakula kamili kuliko watu wanavyodhani. Si lazima vikutane sahani moja; vikiliwa siku ileile vinatosha.

Hatua ya 4: Dagaa wa jioni

Chambua, toa vichwa kama hupendi uchungu, osha kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe. Wakaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta, moto mdogo, hadi waanze kunukia. Hapo ndipo uweke mafuta, kitunguu na nyanya, umalizie kwa ndimu. Gramu 30 za dagaa wakavu zina protini gramu 15 au zaidi, na mifupa yao inakupa kalsiamu.

Hatua ya 5: Jumlisha

Yai na maziwa 14, maharage 15, dagaa 15, na gramu 100 za unga wa ugali zinaongeza 8. Jumla 52, na mwenye kilo 60 ameshavuka kiwango chake bila kugusa nyama wala unga wa protini wa kopo.

Andika daftarini kila unachokula kwa siku tatu, mlo kwa mlo, na gramu zake. Mlo wenye namba ndogo kuliko yote ndio uanze nao wiki ijayo. Kwa wengi ninaowahudumia ni ule wa asubuhi.