Kabla hujaenda kutazama maonyesho Bangkok: mambo ya kuzingatia

Muulize mfanyabiashara wa nguo wa Kariakoo au wa Eastleigh habari za Bangkok, atakutajia Pratunam: bei ya jumla ikoje, mzigo unafungwa wapi, nani anasafirisha kwa kilo. Wa vito atakutajia Silom. Mimi pia safari ya kwanza nilifuata vitambaa, na nilikaa siku nne nzima bila kujua kwamba nyuma ya lile soko kuna mfereji unaoitwa Saen Saep, wenye boti za abiria. Ukipanda boti pale Pratunam kuelekea mji wa kale, kituo kinachofuata ni Sapan Hua Chang. Ukishuka hapo ni dakika chache kwa miguu hadi Bangkok Art and Culture Centre, jumba la sanaa ambalo watu wanaliita BACC, na kuingia ni bure. Kwa hiyo haya ninayoandika namwandikia zaidi yule ambaye Bangkok anaifika tayari kwa shughuli zake, ana siku moja au mbili za ziada, na anataka kuona michoro, kazi za ubunifu na filamu bila kupoteza muda.

Kinachowaangusha wengi ni kalenda. Tumezoea kwamba makumbusho hayana haraka. Usipokwenda leo utakwenda mwakani, kitu kitakuwa palepale. Bangkok mambo mengi mazuri ni ya muda. Onyesho linakaa miezi miwili au mitatu, kisha linashushwa, na wiki inayofuata unakuta kuta zinapakwa rangi na mafundi wamekaa juu ya ngazi. Angalia tarehe kwenye ukurasa wa jumba lenyewe, tena wiki ileile unayokwenda. Halafu zingatia Jumatatu. BACC hufungwa Jumatatu, TCDC, kituo cha ubunifu cha serikali, nacho vilevile, na Jumba la Sanaa la Taifa katika barabara ya Chao Fa hufunga Jumatatu na Jumanne. Jumatatu basi iwe siku yako ya soko.

Kama una nafasi ya kuchagua mwezi, chagua kati ya Novemba na mwanzoni mwa Februari. Mvua zimekwisha, joto limepungua, na shughuli kubwa ndipo zinapopangwa. Bangkok Art Biennale ilianza mwaka 2018 na huja kila baada ya miaka miwili, kwa kawaida kuanzia Oktoba hadi Februari. Sifa yake ni kwamba kazi za kisasa zinawekwa hata ndani ya mahekalu makongwe kama Wat Pho na Wat Arun, kando ya sanamu ambazo watu wanazisujudia. Bangkok Design Week nayo ilianza 2018, na huangukia mwishoni mwa Januari au Februari. Kasoro ya miezi hiyo ni hewa: kuanzia Januari moshi na vumbi huweza kuzidi, na mwenye pumu abebe dawa yake na barakoa nzuri. Aprili 13 hadi 15 ni Songkran, mwaka mpya wao. Siku hizo utamwagiwa maji barabarani na kila mtu, kuanzia watoto mpaka mabibi, na sehemu nyingi zimefungwa. Kwenda kwa ajili ya Songkran ni sawa. Kwa ajili ya maonyesho, hapana.

Tukiwa bado kwenye tarehe: bango lililoandikwa mwaka 2569 halijakosewa. Wathai wanahesabu miaka kwa kalenda ya Kibudha, iliyotangulia ya kwetu kwa miaka 543. Ondoa hiyo utapata 2026. Na saa zao zitamfurahisha Mswahili. Kwenye mabango wanaandika saa 24 kama dunia nzima, lakini wakizungumza wao kwa wao, saa zao za usiku zinaanza kuhesabiwa jioni kama zetu. Saa moja usiku wanaiita kwa neno lenye maana ya moja, saa mbili usiku kwa neno la mbili, hivyo hivyo hadi tano. Nilipolielewa hilo nilijiona niko nyumbani, ingawa mchana wanahesabu kwa namna nyingine na ukijiamini kupita kiasi utachelewa. Saa zao pia ziko mbele ya za Afrika Mashariki kwa saa nne.

Karatasi za safari nitazipitia haraka. Viza huombwa kupitia mtandao wa serikali ya Thailand. Tangu Mei 2025 kila mgeni anajaza kadi ya kidijitali ya kuingia nchini ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na haina malipo, kwa hiyo tovuti yoyote inayokudai pesa kwa kadi hiyo ikimbie. Sisi tunaotoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo tunatakiwa kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla. Ukishuka uwanja wa Suvarnabhumi usikimbilie moja kwa moja foleni ya uhamiaji. Pitia kwanza dawati la afya, cheti kikaguliwe, vinginevyo utasimama foleni saa nzima halafu urudishwe nyuma. Sigara za umeme ni marufuku nchini humo, iache nyumbani.

Sasa mpango wa siku. Bangkok ni pana, foleni yake haina huruma, na kosa la mgeni ni kupanga majumba manne yaliyo pembe nne za jiji. Panga mtaa mmoja kwa siku moja.

Mtaa wa kwanza ni huo wa BACC, penye makutano ya Pathumwan, jirani na kituo cha treni ya juu cha National Stadium. Jumba lenyewe lina historia yake. Miaka ya mwanzo ya 2000 uongozi wa jiji ulitaka eneo liwe duka kubwa, wasanii wakapinga kwa miaka kadhaa, na mwaka 2008 likafunguliwa kama jumba la sanaa, likitazamana na maduka makubwa pande zote. Kumbi kuu ziko ghorofa ya 7 hadi ya 9, zimeunganishwa na njia inayozunguka. Panda hadi juu kabisa kisha ushuke, miguu itakushukuru. Begi kubwa utaliacha kwenye kabati, kwa hiyo usiende na mzigo wa Pratunam mgongoni.

Kutoka hapo tembea hadi nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani aliyeipa hariri ya Thailand jina duniani, kisha mwaka 1967 akatoka matembezini kule milima ya Cameron, Malaysia, asionekane tena. Nyumba yake ya mbao za msaji, iliyokusanywa kutoka nyumba kadhaa za zamani, hutazamwa kwa kuongozwa, na ina malipo. Lakini kinachonivuta mimi kiko ng'ambo ya mfereji. Pale ni Ban Krua, mtaa wa Waislamu wenye asili ya Kicham, kabila la Kambodia na Vietnam, na hao ndio waliokuwa wakimfumia Thompson hariri yake. Mtaa huo una msikiti na chakula cha halali. Kama wewe ni mtu wa vitambaa, usione nyumba ya tajiri ukaacha mtaa wa wafumaji.

Mtaa wa pili ni Charoen Krung, barabara ya miaka ya 1860, kandokando ya mto Chao Phraya. TCDC iko ndani ya jengo kubwa la posta la zamani tangu 2017. Maonyesho ya ubunifu yanabadilika, ila maktaba yake ndiyo hazina: kuna sehemu ya malighafi yenye sampuli za vitambaa, mbao, plastiki na vitu vilivyotengenezwa kwa taka za mashambani, na unaruhusiwa kugusa. Asiye mwanachama hulipia tiketi ya siku. Mshona nguo, fundi seremala, mchora nembo, yeyote atatoka hapo na wazo. Karibu yapo maghala ya zamani ya Warehouse 30 yaliyogeuzwa kumbi na maduka, na vichochoro vya Talat Noi ambako mafundi wa vipuri vya magari bado wanagonga vyuma chini ya michoro ya ukutani. Msikiti wa Haroon uko humohumo, kwenye kichochoro cha 36, kwa hiyo mwenye kuswali adhuhuri hana haja ya kukatisha siku yake.

Mtaa wa tatu ni mji wa kale: Jumba la Sanaa la Taifa, Makumbusho ya Taifa, na chuo kikuu cha Silpakorn karibu na kasri ya mfalme. Silpakorn kilizaliwa na shule ya mchongaji Mwitaliano, Corrado Feroci, aliyefika Siam, jina la zamani la Thailand, mwaka 1923, akapewa jina la Kithai la Silpa Bhirasri. Shule yake ikawa chuo kikuu mwaka 1943. Ukijua hilo kabla, utaelewa kwa nini sanamu nyingi za mashujaa jijini zina misuli ya Kiitaliano. Jumba la MOCA, la sanaa ya kisasa, liko mbali kaskazini na linastahili nusu siku peke yake.

Mavazi yanataka akili mbili, kwa sababu nje ni joto la kukamua jasho na ndani kiyoyozi kinapuliza kama jokofu la samaki. Kanga au shali nyepesi inafanya kazi mara tatu: kujifunika baridi ya ukumbini, kufunika mabega hekaluni, kukalia sakafuni. Kwenye mahekalu, mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume pia. Vaa viatu vya kuvulika upesi. Ukikaa, usielekeze nyayo kwenye sanamu ya Buddha, na mwanamke asimguse mtawa wa kiume. Wimbo wa taifa hupigwa saa 2 asubuhi na saa 12 jioni vituoni na kwenye bustani. Watu wote wakisimama, simama.

Kuna kazi zinazohitaji pua na ngozi kuliko macho. Msanii wa Kithai Montien Boonma, aliyefariki mwaka 2000, alitumia mitishamba ili mtazamaji aingie ndani ya kazi yake na kuinusa kama aliyeingia kwa mganga. Ukikutana na kazi ya namna hiyo, weka simu mfukoni kwanza.

Filamu zina taratibu zake. Kabla ya filamu kuanza katika majumba ya sinema hupigwa wimbo wa heshima ya mfalme, na mgeni anayesimama pamoja na wengine hajapoteza kitu. Uliza wakati wa kukata tiketi kama filamu ya Kithai ina maandishi ya Kiingereza chini, maana si maonyesho yote yanayo. Filamu za daraja la miaka 20 na zaidi huhitaji kitambulisho, hata kama una mvi. Hifadhi ya filamu ya taifa ilianzishwa mwaka 1984, na haiko Bangkok yenyewe. Iko Salaya, mkoa jirani wa Nakhon Pathom. Tenga siku nzima, tazama ratiba kwanza, na hakikisha unajua utarudi kwa usafiri gani, kwa sababu jioni teksi hazijipangi kukungoja. Ukipata nafasi ya kuona kazi ya Apichatpong Weerasethakul, mwongozaji wa Kithai aliyechukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2010, nenda ukiwa umelala vizuri. Ni mtu wa polepole, na kazi zake za video hupatikana kumbini, si sinema tu.

Jambo moja la kushika ulimi. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai ya Thailand humhukumu anayemkashifu mfalme au familia yake kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na mgeni haachwi. Sanaa ya kule husema mambo kwa mafumbo, na mtazamaji mwenye busara huyaacha yakiwa mafumbo. Utani wa kuandika chini ya picha mtandaoni, ngoja urudi nyumbani, au usiuandike kabisa.

Pesa: beba noti ndogo. Konda wa boti ya Saen Saep, anayetembea ukingoni mwa boti amevaa kofia ngumu, hataki kadi yako. Maduka mengi yana msimbo wa malipo ya simu unaotegemea akaunti ya benki ya Thailand, kwa hiyo kwa msafiri wetu mara nyingi ni mapambo tu.

Na ukitaka kununua, uliza kwanza ni kitu gani. Sanamu za Buddha na vitu vya kale huhitaji kibali cha Idara ya Sanaa ili vitolewe nchini, hata kama uliuziwa dukani kwa risiti, na muuzaji mzuri atakushughulikia kibali hicho mwenyewe. Hirizi ndogo ya kuvaa shingoni haina shida. Mchoro wa turubai mwambie auvue kwenye fremu, auviringe upande wa rangi ukiwa nje ili isipasuke, katikati aweke karatasi laini, kisha aingize kwenye bomba gumu la plastiki. Ubebe mkononi ndani ya ndege. Usiuchanganye na marobota ya Pratunam.