Dar mpaka Mbeya bila kutupa kitu dirishani

Mara mbili kwa mwezi napeleka madera Mbeya, na makonda wengi wa njia hii wameshanizoea, wananiita mama mkubwa. Haya nawaandikia abiria wenzangu, maana tukisikia utalii na mazingira tunadhani wanaambiwa Wazungu wenye kofia. Barabara yetu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Humo ndani wote ni watalii, tena wa bure.

Kazi inaanza jikoni, usiku wa kuamkia safari. Andaa chakula kikavu: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi. Tia kwenye hotpoti. Mfuko wa nailoni usiuguse. Tangu Juni 1, 2019 umepigwa marufuku, na ukikutwa nao faini inaanzia shilingi 30,000. Maji chemsha, yapoe, jaza chupa moja kubwa. Ukinunua kila kiu inapokubana, hadi Iringa unazo chupa nne miguuni, na hapo ndipo dirisha linapoanza kukuita.

Cha muhimu kuliko vyote: beba kopo tupu lenye mfuniko unaobana, kama ndoo ndogo ya siagi. Hilo ndilo pipa lako. Mwenye mtoto abebe mawili, la pili la pampasi, kwa sababu hizo ndizo nyingi kuliko zote mitaroni na hakuna anayetaka kuzitaja. Usimpe konda taka ukadhani umemaliza. Nimeshamwona konda akifagia basi vizuri kabisa, kisha anasimama mlangoni na kumwaga rundo lote kwenye nyasi.

Maganda je? Mimi nilikuwa natupa. Nilijiambia ganda la ndizi linaoza, ni mbolea. Siku moja tumepunguza mwendo kwenye matuta ya Mikumi, nikarusha ganda. Nyani jike akatoka majanini, mtoto amemning'inia tumboni. Akaliokota, akalifungua kwa vidole kama mtu anayetafuta chenji, akakaa palepale kwenye lami kulilamba. Nyuma yetu kulikuwa na lori. Lilipiga honi, akaruka, sikuona aliangukia upande gani. Abiria walicheka. Mimi ndizi iliyobaki haikunipita kooni. Ganda linaoza, sawa, lakini kabla halijaoza linamfundisha nyani kwamba chakula kinatoka kwenye magari. Kwa hiyo maganda nayo ni ya kopo.

Kuchimba dawa malizia Msamvu, stendi ya Morogoro, kwenye choo cha kulipia. Ukiomba basi lisimame ndani ya hifadhi unahatarisha roho yako, na ile karatasi utakayoiacha ndiyo itakayopigwa picha na hao wenye kofia.

Mwendo nao unatuhusu. Vibao vya hifadhini vinataka 70 mchana na 50 usiku, na vipo vinavyotaja bei ya kila mnyama atakayegongwa. Ukiona suka, yaani dereva, anakata upepo, mwambie konda kwa sauti ya kawaida, usigombe: "Mwanangu, mwambie suka tembo hana breki." Nimeona inafanya kazi kuliko matusi. Mimi mwenyewe nachagua basi la alfajiri, nipite Mikumi jua limewaka na dereva anaona twiga kabla twiga hajamwona yeye.

Ruaha Mbuyuni wataleta vitunguu dirishani. Nunua, ni vizuri na wakulima wanahitaji hiyo hela, ila toa kikapu chako uwaachie wavu wao. Akija mtu ananong'ona kuhusu nyama kavu ya porini, funga dirisha. Na wakati wa kurudi yale magunia ya mkaa ya kando ya barabara yaache, hata kama bei inakuchekea. Huo mkaa ulikuwa miti ya hapohapo unapopita.

Nikishuka Mbeya, chupa nawapa vijana wanaozikusanya na kuziuza kwa kilo, maganda nayamwaga shimoni kwa dada yangu. Kopo naliosha, na siku ya kurudi Dar linajaa maharage. Lile la maganda, jamani. La pampasi ni la mwenye mtoto.